Daktari Aliyefichwa Mgonjwa

Kila Jumapili asubuhi, simu ililia nyumbani kwa mama. Aliyepiga alikuwa binti yake, daktari wa magonjwa ya akili. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nchi mbalimbali, akiwafundisha wauguzi wa zahanati ndogo kutibu wagonjwa wa akili, maana madaktari kama yeye ni wa kuhesabika.

"Mdogo wangu hajambo?" aliuliza.

"Hajambo. Amelala," mama alijibu.

Miaka miwili kijana wa watu alikuwa amelala kila Jumapili, na daktari bingwa hakushtuka.

Siku moja safari yake iliahirishwa. Akaja nyumbani bila kutoa taarifa. Kabla hajakaa, alisikia mtu akigonga mlango wa stoo. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje.

"Mama, nani yuko humo?"

Mama alijitia kupanga vikombe. "Ni mdogo wako. Alianza kusikia sauti. Akawa haogi, anabishana na ukuta. Tukamfungia asije akagongwa na magari."

"Mbona hukuniambia? Hii si ndiyo kazi yangu?"

"Ndiyo maana nilinyamaza. Watu wangesema anatibu mataifa, kumbe kwao wamemfungia kichaa. Nani angekuita tena? Nilikuhifadhia jina lako, mwanangu."

Daktari alimkasirikia mama, na akajikasirikia mwenyewe zaidi. Alifungua kufuli. Mdogo wake alikuwa amechuchumaa pembeni, amekonda, kucha ndefu.

"Nilikuwa nasikia simu ikilia," alisema taratibu. "Nilikuwa nagonga, Dada."

Daktari alilia mbele yake. Hakuweza hata kumpima. Alikwenda zahanati ya jirani kumwita muuguzi, mwanamke aliyewahi kufundishwa naye.

Muuguzi alimsalimia kijana kwanza, akaongea naye kwa utulivu. Kisha akamgeukia mama.

"Huu ni ugonjwa, Mama, kama ugonjwa mwingine. Una dawa. Atameza kila siku, na hataacha hata akijiona mzima, mpaka sisi tumwambie. Asifungiwe tena. Kumfungia hakumponyi, kunamzidishia. Na dalili zikianza, mlete mapema."

"Aibu je?" mama aliuliza.

"Aibu ni hilo kufuli."

Halafu akamwangalia mwalimu wake. "Samahani, Daktari. Ulitufundisha mwenyewe tusiridhike na maneno ya ndugu. Tuombe kumwona mgonjwa."



Mama alimwita fundi, akang'oa ule mlango wa stoo. Kijana alianza dawa. Baada ya miezi minne sauti zilipungua, akarudi kwenye cherehani aliyokuwa akishonea kabla ya kuugua, akashona sare za shule. Siku hizi mama haoni haya. Huwaambia majirani, "Ukiwa na mgonjwa ndani, mpeleke zahanati leo. Mimi nilichelewa miaka miwili, na mwanangu ndiye aliyeilipa."

Daktari aliomba likizo ndefu, akamwambia mdogo wake, "Nitakuwa nakupeleka kliniki mwenyewe."

Kijana hakuinua macho kwenye kitambaa.

"Dawa nitaendelea kumeza, Dada. Ila nitakwenda na muuguzi. Yeye alikuja siku ileile aliyoitwa."