Mshale Kwenye Themanini

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa, ya kufua nguo na kuchoma takataka, shemeji alipoingia uani na pikapu ya kukodi. Nyuma ya pikapu kulikuwa na pikipiki ya matairi manne, nyekundu, imefungwa kamba kila upande.

"Shemeji!" aliita kabla hata hajashuka. "Njoo umwone bibi harusi!"

Fundi alitoka karakana akijifuta mikono. Alikuwa mtu mpana wa miaka hamsini na kitu, ambaye zamani angejibu utani huo kwa utani mara mbili yake. Sasa alitazama tu. Mkewe, dada wa huyo shemeji, alikuwa amefariki miezi minane iliyopita, na tangu siku hiyo fundi alikuwa kama mtu aliyeulalia mkono wake: anauona mkono upo, lakini ukimfinya hasikii. Alikula kwa sababu ilikuwa saa ya kula. Majirani walisema anavumilia vizuri. Uongo mtupu, hakuwa na cha kuvumilia.

"Imetumika," alisema.

"Hata wewe umetumika, shemeji, na bado tunakupenda."

Shemeji alikuwa mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, kijana wa miaka thelathini na nne mwenye mapafu ya kuita watoto kutoka upande wa pili wa kiwanja. Kwao walizaliwa wanne. Aliyebaki ni yeye. Marehemu, wiki yake ya mwisho, alipokuwa akizungumza neno moja moja kwa kukosa pumzi, alimwambia mumewe jambo moja tu: mwangalie mdogo wangu. Fundi akaitikia. Katika mambo yote aliyowahi kuahidi duniani, hilo ndilo pekee lililokuwa bado linamdai.

Wakaishusha. Fundi akaanza ukaguzi kama anavyoanza siku zote, kwa kunusa. Akatikisa magurudumu kusikiliza beringi. Akachungulia ndani ya ekzosti. Halafu akafungua plagi na kuiinua kwenye mwanga. Plagi ya injini yenye afya huwa ya kahawia. Hii ilikuwa nyeupe kama jivu.

"Inavuta hewa mahali isipopaswa," alisema. "Ina tundu."

Injini hizi za mipigo miwili, zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili, hazina siri nyingi. Ukiinua silinda umeona nusu ya maisha yake. Fundi akafungua nati moja moja, akainua hedi iliyoifunika silinda juu, akaivuta silinda, akaigeuza. Matundu ya ndani yalikuwa yamepanuliwa na kusuguliwa kwa mkono mpaka yanang'aa, kazi ya mashindano. Kwenye ukingo wa chini kulikuwa na vidoti vitatu vilivyogongwa kwa msumari.

"Hii niliichonga mimi," alisema fundi. "Miaka sita iliyopita."

"Basi tuirudishe haraka, pikapu bado haijaondoka!"

Fundi hakucheka. Alikuwa akimkumbuka mwenye kazi ile, mkimbiaji mmoja mwembamba wa mbio za pikipiki, aliyevaa glavu mchana kutwa. Baada ya kuchonga, walitakiwa kupima kama injini inavuja: unaziba njia ya hewa na njia ya moshi kwa vizibo vya mpira, unaingiza upepo kwa mpira mwembamba, unatazama geji. Geji ya fundi ilikuwa imetolewa kwenye mashine ya kupimia presha ya damu. Ukiufikisha mshale themanini na ukasimama hapo, injini ni nzima. Siku ile fundi alishika pampu, mkimbiaji akakataa.

"Apulize huyo," alisema, akimwonyesha mke wa fundi, aliyekuwa ameleta chai na kucheka jambo fulani. "Huyo ana kifua kizuri."

Wakaona ni mzaha. Akapuliza. Mshale ukasimama themanini, mkimbiaji akalipa, akaondoka bila kunywa chai.

Fundi akafunga ringi mpya na gasketi mpya, akarudisha silinda, hedi na plagi, akakaza. Akaweka vizibo. Akachukua pampu, akasukuma mara mbili. Hakuna kitu. Ngozi ya ndani ya pampu ilikuwa imekufa.

"Lete hapa," alisema shemeji. "Hii si kazi ya wazee." Akautia mpira mdomoni, akajaza mashavu, akapuliza hadi macho yakamtoka. Fundi akabana mpira kwa kibanio.

Themanini.

Kisha sabini na sita. Kisha themanini. Sabini na sita. Themanini.

"Geji imechoka," alisema fundi. Injini inayovuja hushuka. Hairudi. Miaka thelathini ya ufundi hakuwahi kuona mshale ukirudi. Mtu mwingine angeweka spana chini. Yeye aliinama akatoa kizibo cha njia ya moshi ili afunge ekzosti, na hapo hewa yote ilipaswa kutoka mara moja, mshale uanguke hadi sifuri.

Mshale haukuanguka. Uliendelea kupanda na kushuka, taratibu, tundu likiwa wazi.

Fundi aliona. Alijua kwamba hapa anatakiwa aogope, kama vile mtu anavyojua kwamba leo ni Jumamosi. Akafunga ekzosti na kabureta, ila mpira wa geji akauacha mahali pake.

Waliiwasha saa sita mchana. Ikaitika kwa teke la kwanza. Fundi akachuchumaa kwenye kabureta na bisibisi ndogo, akaizungusha skrubu ya hewa robo mzunguko, akasikiliza, akarudisha kidogo, mpaka mngurumo ukatulia. Kisha akavuta mafuta. Injini ikapiga kelele ya juu, safi. Moshi wa buluu ukajaa uani. Ilikuwa injini nzuri kuliko zote alizowahi kuchonga.

Alipogeuka, shemeji alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Kifua kilikuwa kinapanda bila kushuka.

Fundi akazima.

Shemeji akavuta hewa kwa sauti, akakohoa, akajipangusa jasho. "Moshi," alisema. "Moshi tu."

"Ndiyo."

"Endelea, shemeji. Isije ikapoa."

Fundi akaiwasha tena. Leo hii bado anajiuliza kwa nini. Alivuta mafuta kidogo tu, macho yakiwa kwa shemeji, na akaona rangi ikimtoka usoni. Akaachia. Rangi ikarudi, ila si yote. Akazima. Akatazama geji.

Sabini. Sitini na sita. Sabini. Sitini na sita.

Akatazama kifua cha shemeji. Kilipopanda, mshale ulipanda. Kiliposhuka, ulishuka.

"Bana pumzi," alisema.

"Nini?"

"Bana pumzi kidogo."

Shemeji akabana, huku akitabasamu, akidhani sasa fundi wake ameanza tena kutania. Mshale ukasimama wima. Haukutikisika. Shemeji naye akauona. Tabasamu likabaki usoni peke yake, macho yakiwa yameshaondoka. Akaachia pumzi, na mshale ukashuka pamoja naye.



Fundi akachukua simu akampigia aliyeiuza pikipiki. Mtu mchangamfu, msemaji sana. Ndiyo, aliinunua kwa mkimbiaji mwembamba, yule mshindi wa kila Jumamosi na Jumapili, aliyeacha michezo ghafla na kuhama. Ndiyo, yeye aliwahi kuifungua mara moja, kubadilisha pistoni. Lini? Miezi minane hivi. Alhamisi. Saa nne asubuhi, anakumbuka kwa sababu redio ilikuwa ikisoma habari.

"Tena fundi, nikwambie kitu cha kuchekesha? Nilipoinua hedi ilishusha pumzi. Kama mtu anayetua mzigo."

"Ulipofunga, uliipima kwa mdomo?"

"Mdomo tena? Nina pampu mimi, bwana."

Fundi akakata simu. Mkewe alikuwa amekata roho Alhamisi, saa nne na dakika chache, wakati muuguzi akisema leo mama ana nafuu. Miaka sita ya kifua kisichojulikana. Picha, sindano, dawa za kuvuta. Kuna daktari aliyewahi kuuliza, akikuna kichwa, kwa nini mgonjwa huzidiwa wikendi.

Alimweleza shemeji yote, kwa sauti ya chini, kama anayemsomea mteja orodha ya vipuri.

"Fungua basi," shemeji alinong'ona. "Nirudishie yangu."

"Ya dada yako ilifunguliwa."

Shemeji akaweka mkono kifuani. Mtu aliyezoea kujaza kiwanja kizima kwa sauti yake alikaa pale akitumia hewa kwa ubahili.

Fundi akatoa petroli yote. Akaikata waya ya plagi, hakuna atakayeiwasha tena. Ingebaki hapo, imefungwa, na shemeji angezeeka salama. Ndivyo alivyokata shauri. Lakini mshale ulikuwa sasa kwenye sitini na nane, na aliporudi kutoka kunawa ulikuwa sitini na saba. Ndipo akakumbuka plagi nyeupe.

Akachanganya sabuni na maji, akapaka kwa brashi kila kiungo. Gasketi kavu. Hedi kavu. Kwenye sili ya mhimili wa krenki, upande wa kushoto, pete ya mpira kongwe, povu moja dogo likatokea. Likavimba. Likasinyaa. Likavimba.

Kuibadilisha sili ni kuifungua injini. Akajaribu kuiziba kwa nje, akapaka gundi kwa ncha ya kidole. Nyuma yake shemeji akaanguka kutoka kwenye stuli, mikono shingoni. Fundi akaifuta gundi haraka. Shemeji akarudiwa na pumzi, akalia kwa sauti ndogo, kama mtoto.

Sitini na tano.

Hapo ndipo fundi alipofanya jambo ambalo fundi yeyote mwenye woga asingelifanya. Alijua vizuri alichokuwa akikifanya. Alikuwa na mapafu mawili mazima ambayo kwa miezi minane hayakuwa na kazi. Akautia mpira mdomoni, akalegeza kibanio, akapuliza.

Sabini. Sabini na tano. Themanini.

Akabana. Ladha ya petroli ikamkaa ulimini. Shemeji akainuka, akavuta hewa hadi mwisho, midomo ikarudi rangi yake. Na mshale ukaanza kucheza dansi ya ajabu, miondoko miwili ndani ya mmoja: wa haraka wa kijana, na wa taratibu wa mtu mpana.

"Shemeji, na wewe?" shemeji aliuliza.

"Nenda nyumbani. Jumatatu una vipindi."

"Nakuuliza, na wewe?"

"Nimemwahidi dada yako. Nenda."

Hivyo ndivyo walivyoishi tangu siku hiyo. Kila asubuhi, kabla ya chai, fundi alifungua karakana, akakuta mshale sitini na kitu, akapuliza hadi themanini. Shemeji alipiga simu kila mchana. Siku moja alisema amekimbia na watoto mizunguko minne. Fundi alimsikiliza huku akiwa ameegemea ukuta, maana kutoka mlangoni hadi kwenye benchi kulikuwa kumeanza kuwa mbali. Wateja walimwambia anakonda. Ngazi tatu za nyumba yake alizipanda kwa awamu mbili. Hakuhuzunika. Alipiga hesabu tu, kama anavyokadiria ringi zimebakiza saa ngapi, akaona labda mwaka, na akili yake ilikwama hapo: baada ya mwaka huo, nani atampulizia kijana wa watu?

Wiki ya sita alishindwa kuamka. Alijitahidi kukaa, kifua kikakataa. Alilala akitazama dari, akijua povu linavimba na kusinyaa huko nje, na mshale unashuka. Sitini. Hamsini. Alimpigia shemeji, simu haikupokelewa. Akapiga tena. Haikupokelewa. Ilipofika saa tano akajikokota, akishika ukuta, akapumzika mlangoni, akapumzika tena uani. Kufuli ya karakana ilikuwa kama alivyoifunga. Funguo zilikuwa mfukoni mwake, na hazina pacha.

Akafungua.

Themanini.

Mshale ulikuwa umefika themanini, unapanda na kushuka bila haraka. Kibanio kilikuwa kimelegezwa na kubanwa upya, sentimita mbili kutoka pale alipozoea kukiweka yeye. Ncha ya mpira ilikuwa imelowa. Akaigusa. Ilikuwa bado na joto.

Simu ikalia mfukoni. "Shemeji, nilikuwa uwanjani," sauti ilisema, imejaa hewa, kelele za watoto nyuma yake. "Vipi? Kuna tatizo?"

"Hapana," alisema fundi. "Umekuja huku leo?"

"Niko kazini tangu asubuhi. Kwa nini?"

Fundi alikuwa ameketi mbele ya geji, akihesabu. Mwondoko wa haraka, wa kijana. Wa taratibu, wake mwenyewe, dhaifu. Na chini ya hiyo kulikuwa na wa tatu, mrefu, unaosita kidogo kule juu kabla ya kushuka. Alikuwa amelala kando ya pumzi hiyo miaka ishirini na miwili.

Nywele zilimsimama mikononi. Aliogopa. Aliogopa sana, na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akasogeza stuli karibu na injini, akazima simu, akakaa.