Tochi ya Mwalimu Aristides

Siku ile mjinga alikuwa Inspekta Ishengoma, na mwenyewe hakatai. Aliikuta maiti ya Mwalimu Aristides kitandani, huko Kanazi, ngozi imekuwa ya kijivu-bluu. Akatamka "sumu" kabla hajavua kofia, akamtia pingu mjane, Klaudia. Akitoka, akakanyaga maganda ya kahawa iliyotafunwa kando ya kitanda, asiulize.

Ukimwi ulikuwa ukimmaliza mwalimu. Mwaka 2002, dawa za kurefusha maisha zilikuwa za kusimuliwa tu.

Mjini Bukoba, Daktari Kokushubila alimaliza kuichunguza maiti.

"Sumu? Huyu amezibwa pumzi, Inspekta. Rangi hii ni fedha, ile madini. Ameinywa miezi mingi."

"Nani anakunywa fedha?"

"Wanaopewa 'maji ya nano'. Gawanya milimita moja vipande milioni; kipande kimoja ndiyo nanomita. Wataalamu wanatarajia siku moja chembe za kipimo hicho zitabeba dawa hadi kwenye seli inayougua, zisafishe hata maji machafu. Siku moja. Mutalemwa wa Muleba, anayewauzia wagonjwa maji hayo, anadai siku hiyo imeshafika."

Ishengoma akarudi Kanazi. Chini ya godoro, daftari la mwalimu: "Mwanga wa tochi ukipita kwenye maji yenye chembe za fedha, njia yake huonekana. Jumapili, baada ya misa, nitawaonyesha wagonjwa wenzangu chupa mpya."

Kando ya daftari, tochi na chupa mbili za maji ya nano. Akamulika chupa kuukuu. Mwanga ukasimama ndani kama fito. Akamulika mpya. Hakuna kitu. Maji matupu.

Huko mahabusu, alimuuliza Klaudia, "Maganda yale ya nani?"

"Leo ndiyo unauliza, afande? Mume wangu alikuwa na vidonda mdomoni, mwezi mzima hakutafuna kitu. Mimi nilikuwa matangani. Kahawa ya kutafuna niliichemsha na majani asubuhi ile, nikamwachia ya kumkirimu mgeni."

Muleba, Mutalemwa alikuwa mtulivu. "Kanazi sijafika mwezi mzima."

"Una bahati. Kahawa ya Klaudia ya juzi ilinuka moshi."

"Ya Klaudia? Hata. Ilikuwa na majani yake mazuri…" Akajiziba mdomo, amechelewa. Mhaya hawezi kusikia kahawa aliyokirimiwa ikitukanwa.

Alikiri kituoni, Klaudia akifunguliwa pingu.

"Fedha iliwabadili rangi, haikuwaponya. Nikaacha kuitia, nikabaki na maji. Lakini watu waliamka, wakapalilia migomba. Aristides angewaua wote Jumapili kwa tochi yake. Nikamkandamiza na mto. Nililinda matumaini yao, afande. Nani mwingine aliwapa chochote?"

Klaudia ndiye aliyemjibu.

"Mume wangu naye alikuwa na tumaini lake, Mutalemwa. Kuiona Jumapili tu."