Nilimsingizia Simba Kifo cha Tomi

Jamani, ngoja niitoe aibu mapema nisije nikaimeza tena... Nilizunguka porini siku mbili nikimwita mbwa niliyemzika kwa mikono yangu mwenyewe! Tena nilikuwa napiga na miluzi.

Nina miaka thelathini na sita, mke mmoja, watoto watatu. Shule niliishia kidato cha pili, na nasikia mwalimu wa hesabu alishukuru Mungu. Naendesha kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, hapa Rudewa, Kilosa. Nabeba mahindi, magodoro, mbuzi, hata bibi harusi nimeshabeba.

Yohana ni rafiki yangu tangu utoto. Sikukuu ya Idi anakula kwangu, Krismasi nakula kwake, na kote huko anayeshiba zaidi ni mimi. Alihamia Mikumi kulima nyanya, nguruwe pori wakamtesa sana. Akanipigia simu nimpelekee Tomi, mbwa wake aliyemwacha kwa mama yake hapa kijijini.

Aliniomba kitu kimoja tu. "Saidi, kaka, kwa jua hili mweke mbele na wewe. Kila ukisimama mpe maji. Tomi kiu haiwezi kabisa."

Nikamwambia usijali... Mdomo huu!

Viti nilikuwa nimevivalisha kava mpya, nyekundu, hata mke wangu alikuwa hajavikalia. Leo mbwa aje avidondoshee mate? Nikamfunga Tomi nyuma kwa kamba, nikamfunika turubai ili asile vumbi. Nikaona nimemhurumia! Kiti cha mbele kikabaki kitupu safari nzima.

Kutoka Kilosa kwenda Mikumi mwezi wa kumi, mvua hazijaanza, ni jangwa tupu. Nyasi zimeungua, mito imebaki mchanga, upepo utafikiri unatoka kwenye tanuri la matofali. Katikati ya njia gari ikachemsha. Maji nilikuwa nayo dumu moja, lile la Tomi.

Nikamsikia anakwaruza bati kule nyuma... Nikamimina maji yote kwenye rejeta! Nikajisemea atakunywa Mikumi. Halafu nikafungua soda yangu, nikainywa yote.

Mbele kidogo makwaruzo yakanyamaza. Nikafurahi. Nikasema kalala.

Nilipokuja kufunua lile turubai... ulimi nje, macho wazi, mwili wa moto kama sufuria. Nilimpepea kwa kofia, nikamtikisa, nikamwita. Wapi! Nikachimba mchanga wa mto mkavu kwa mikono na wilispana, nikamfukia.

Kwa Yohana nikakuta bakuli la maji limeshawekwa mlangoni, linamsubiri mgeni. Ningesema ukweli pale pale, leo nisingekuwa naandika haya! Badala yake nikasema simba katokea barabarani, Tomi kakata kamba, karuka, kakimbilia porini. Simba mwenyewe nikampa na manyoya marefu, nikampa na kovu usoni!

Nilidhani atasikitika yaishe. Kumbe nimempa matumaini! Si nimesema kakimbia? Yohana akachukua panga, akasema twende tukamtafute kabla simba hajamfikia. Mkewe akapiga magoti kutuombea. Hapo ningekataaje?

Siku ya kwanza tuliita mpaka makoo yakakauka. Siku ya pili tukakuta nyayo za nyati, mbichi kabisa. Nikamsihi turudi, akakataa. Tukiwa tunashuka korongo akateleza, mguu ukateguka, kifundo kikavimba mbele ya macho yangu. Mimi bado nimenyamaza tu!

Nikaona chupa yake ya maji, imebaki nusu. Nikanyoosha mkono.

"Acha hiyo," akasema. "Ni ya Tomi. Huko aliko atakuwa na kiu."

Wasomaji wenzangu... nilikaa chini nikalia kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Nikasema yote. Kava, rejeta, soda, yote! Yohana hakunipiga. Ningefurahi kama angenipiga.

Nikambeba mgongoni mpaka kwenye gari, nikamfungulia mlango wa mbele. Akakataa. Akajiburuza akapanda nyuma, juu ya lile turubai, na mguu wake ule, na jua lile lile... "Nionyeshe ulipomweka," ndicho alichosema. Tulipofika akaimimina ile nusu chupa juu ya mchanga, yote.

Nawaomba sana, ukikabidhiwa kitu chenye roho, kiweke pale unapokaa wewe. Na ukikiua kwa uzembe wako, sema siku hiyo hiyo, hata kama meno yanagongana! Mimi kwa kuogopa kufokewa nilitaka kumpeleka rafiki yangu kwenye pembe za nyati. Zile kava nilizichana. Watu wananicheka eti naendesha gari yenye sponji nje. Wacha wacheke, mimi mwenyewe nacheka nao, ila nikikaa pale mbele peke yangu cheko linaisha.

Miezi mitatu Yohana hakupokea simu zangu. Juzi akapokea. Nikamwomba msamaha, sijui kwa mara ya ngapi.  Yohana akasema taratibu:

"Mbwa nilishakusamehe, Saidi. Ila kule porini ulikuwa unamwita kwa sauti kubwa kuliko mimi."