Mapipa Yaliyopumua Chini ya Nyumba

Kila Jumamosi asubuhi Euphrasie hukanda unga wa mkate jikoni. Ndege zikipita juu ya mtaa wao wa Richfield, huko Marekani, vikombe hutetemeka kabatini. Kelele hiyo aliizoea. Lakini majira haya ya baridi palikuwa na sauti nyingine, nayo ilitoka chini ya nyumba.

Ilikuwa kama mtu anayeshusha pumzi. Hsss. Kisha kimya. Kisha tena, hsss.

Binti yake, Héritière, alilala katika chumba cha chini ya ardhi. Wiki nzima alikuwa akiamka na kichwa kinauma. Mama alipomuuliza, mtoto alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ukuta unapumua.

"Ni mashine ya kupasha nyumba joto tu," alisema baba yake, Birindwa.

Birindwa aliosha matangi katika kiwanda kidogo cha bia mjini Minneapolis. Bia ikishapikwa, hubaki machicha, yaani punje za shayiri zilizokwisha kukamuliwa utamu. Kwao Bukavu, Kongo, huitwa drêche, na watu huyagombania. Mama yake alisomesha watoto kwa nguruwe waliokula drêche. Kuyaona yakitupwa kulimuuma. Basi akaomba, akapewa. Alijaza mapipa, akayafunika kwa nguvu ili majirani wasisikie harufu, kisha akayapanga stoo, nyuma ya ukuta wa kitanda cha Héritière. Nguruwe hakuwa naye hata mmoja, lakini nani angemwambia?

"Akiba haiozi, Maman Héritière," alimwambia mkewe.

Euphrasie hakuwa akiwaza mapipa. Aliwaza yule mzee aliyeishi humo kabla yao. Walisikia kwamba alifia ndani ya nyumba hiyo. Chumba gani, hakuna aliyewaambia.

Jumamosi hiyo Birindwa alikuwa kazini. Euphrasie alichukua mshumaa uliobarikiwa kanisani, akauwasha, akashuka ngazi akisali. Nje theluji ilikuwa imefika madirishani, lakini stoo kulikuwa na joto. Aligusa pipa. Lilikuwa na joto kama mgongo wa mgonjwa wa homa. Kifuniko kilikuwa kimevimba. Hsss.

Alikifungua. Kiliruka chenyewe, na harufu kali ya uchachu ikampiga usoni. Akainamisha mshumaa atazame ndani. Moto ukazimika.

Upepo haukuwapo. Akawasha tena, akainamisha. Ukazimika tena, taratibu, kana kwamba kuna mtu ameubana kwa vidole.

Kifua kilimbana. Miguu ilimtoa mbio kabla akili haijamkumbuka mtu mwingine. Alifika mlango wa nje, akamwita kwa kelele jirani yake Mkenya, Lois: "Maman Lois! Kuya! Kuko kitu chini, kinakula moto!"

Lois alikuwa ndiyo kwanza anashuka garini, bado amevaa sare ya hospitali ya Coon Rapids anakofanya kazi ya uuguzi. Alivuka theluji mbio.

"Héritière ako wapi?"

Euphrasie akaganda. Mtoto alikuwa amerudi kulala. Chini.

Walishuka pamoja. Lois alimbeba mtoto, Euphrasie akafungua kila dirisha na kila mlango aliopita. Nje, kwenye baridi, Héritière alikuwa mweupe midomoni. Mama alimwita jina lake, na jibu halikuja. Akamwita tena, sasa akilia. Mtoto akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akasema anasikia baridi. Euphrasie hajapata kusikia neno tamu kuliko hilo.

"Atapelekwa kwa daktari leo, hata akicheka," Lois alisema. "Sasa niambie, mapipa yana nini?"

"Drêche ya Papa Héritière."

Lois akashika kichwa. "Machicha! Kwetu Githunguri ng'ombe wetu walikula hayo. Hakuna pepo hapo, dadangu. Machicha mabichi yana maji na sukari kidogo. Ukiyafungia, vijidudu vinayala, yanachacha, yanapata joto, yanatoa gesi. Gesi hiyo ni nzito, inalala chini, inasukuma hewa nzuri itoke. Moto unakufa. Na mtu pia."

"Lakini ile alamu ya gesi ya ukutani haikulia!"

"Hiyo inasikia gesi nyingine, ya moshi wa mashine ya joto. Hii haiijui. Na usipime tena kwa mshumaa. Kichwa kikianza kuuma, toka nje kwanza, maswali baadaye."

Birindwa alipofika jioni na kuambiwa, aliketi kwenye ngazi akajifunika uso. Alimpenda mtoto huyo kuliko macho yake. "Nilitaka tu chakula kisipotee," alisema.

"Kisipotee, ndiyo," Lois akamjibu. "Lakini akiba ya machicha huoza, shemeji. Chukua kidogo, tumia yakiwa mabichi."

Madirisha yaliachwa wazi mpaka siku ya pili. Ndipo mapipa yakatolewa. Machicha yaliyoota ukungu hayakupewa mnyama yeyote. Yalichanganywa na majani makavu nyuma ya nyumba, yawe mbolea ya bustani. Lois akawaunganisha na mfugaji wa mbuzi kaskazini ya mji. Sasa mfugaji huyo huchukua machicha kiwandani siku ileile yanapotoka, yangali ya moto.

Birindwa huleta nyumbani bakuli moja tu la machicha, katika chombo safi. Euphrasie huyatandaza kwenye sinia, huyakausha ndani ya oveni kwa moto mdogo huku akiyageuza, kisha huyasaga. Kikombe kimoja cha unga huo hukichanganya na vitatu vya unga wa ngano. Mkate wake una harufu ya karanga, na huko kanisani hausubiri ibada iishe.

Jumamosi iliyopita nyumba ilikuwa kimya. Unga uliokandwa ulikuwa umefunikwa kitambaa mezani, karibu na dirisha. Héritière alilaza sikio juu yake, akatega.

Kitambaa kiliinuka kidogo. Euphrasie alisimama, kisu mkononi.

"Maman," mtoto alisema, na safari hii kwa Kiswahili, akicheka, "huyu anapumua vizuri."