Kiti Mbele ya Duka la Mabeseni

Kila siku baada ya swala ya alasiri, Badria alimletea babu yake kofia na bakora, wakatoka kutembea. Mzee Uledi alikuwa na ugonjwa wa moyo. Moyo wake ulisukuma damu kwa unyonge, hivyo alichoka upesi na miguu ilimvimba. Daktari alimpa dawa, akamwagiza pia atembee polepole kila siku hadi kona ya Mtaa wa Msimbazi na kurudi. Pumzi ikimpungua, asimame kidogo, kisha aendelee. Zena, mama yake Badria, aliuza vitenge sokoni Kariakoo hadi magharibi, kwa hiyo kazi hiyo alimwachia binti yake.

Badria aliifanya vizuri mpaka siku walipokutana na Najma, mwanafunzi mwenzake. Babu alikuwa amesimama mbele ya duka la mabeseni, akihema, huku wasukuma mikokoteni wakimpigia mluzi awapishe.

"Badria, siku hizi wewe ni konda wa gari bovu?" Najma aliuliza. "Kila nguzo kwenu ni kituo."

Wasichana aliofuatana nao Najma walicheka. Badria alitazama chini hadi walipopita.

Kesho yake Elimringi, mwenye duka lile, alimwonea mzee huruma, akamtolea kiti cha plastiki. Babu alikusudia kukaa kidogo tu. Badria akamwambia asihangaike, kona wataifikia kesho. Kesho hiyo haikufika. Kwa wiki kadhaa mzee alikaa pale akinywa kahawa, na Badria akacheza rede uchochoroni na kina Najma. Wapita njia walimsifu kwa adabu ya kumketisha mzee wake. Kila sifa ilimchoma, lakini aliipokea. Mama alipomuuliza jikoni, alijibu kwamba wamefika kona.

Siku ya kliniki, Upanga, Daktari Selina alimtaka mzee atembee ukumbini. Mara iliyopita alifika mwisho na kurudi. Safari hii alishika ukuta kabla ya kufika katikati.

"Anatembea kila siku?" daktari aliuliza.

"Kila siku, daktari. Binti yangu huyu ndiye anayempeleka," Zena alijibu.

Daktari alikunja uso. Alisema ikiwa mgonjwa anatembea na bado nguvu zinapungua, huenda moyo umezidi kudhoofika, na itabidi abadilishe dawa. Alichukua kalamu. Mzee Uledi aliinama, akanyamaza. Hapo Badria alitambua kwamba babu yake alikuwa tayari kumeza dawa asizozihitaji ili mjukuu wake asiumbuke.

"Hatutembei," alisema. Sauti haikusikika, akarudia. "Hatutembei, daktari. Namketisha dukani, mimi nacheza. Mama nilimdanganya. Niliona haya kuonekana na babu."

Mama yake alimgeukia, akamtazama. Babu alirekebisha kofia yake, ingawa ilikuwa imekaa sawa.

Daktari Selina aliweka kalamu chini. Alieleza kwamba misuli isiyotumika hulegea, na mwili uliolegea huutwisha moyo kazi zaidi. Kiti kile kilitolewa kwa heshima, lakini kilimrudisha mzee nyuma. Dawa hakubadilisha. Aliagiza waanze upya, kwa mwendo mfupi kwanza, na warudi aone.

Walianza kesho yake. Elimringi alipotoa kiti, Badria alimshukuru, akamwomba akirudishe ndani. Babu alipumua amesimama, mkono begani mwa mjukuu wake. Najma alipita.

"Konda, hapo kituo gani?"

"Mabeseni," Badria alijibu. "Tunapumua, tunaondoka."

Ilichukua muda, lakini jioni moja walifika kona ya Msimbazi. Babu aliegemea bakora, akingoja pumzi itulie.

"Kosa tuligawana," alisema. "Wewe ulidanganya, mimi nilinyamaza, na kahawa ile niliipenda. Ila sikiliza, mjukuu wangu. Haya ya kuonekana na mzee anayehema haina maana, itupe. Haya ya kudanganya uliyoiona mbele ya daktari, hiyo itunze. Ndiyo iliyokufanya useme kweli kabla sijadhurika."

Kisha akageuka mwenyewe, wakaanza kurudi nyumbani.