Neno Moja Lililorukwa

Kila jioni binti mmoja alipotoka shuleni, mama yake alimwuliza amesoma nini. Kwa kuwa hakuna swali lililomshinda kujibu, nyumbani walimwita Profesa.

Mama alikuwa akitibiwa uvimbe wa saratani kwenye titi. Jumatatu moja Profesa alimwambia, "Mama, mwalimu wa sayansi amesema mafuta hukuza mishipa ya damu inayolisha uvimbe. Nimeandika."

"Mafuta yapi?"

"Yote." Hakuwa na uhakika, ila hakupenda kusema hajui.

Kuanzia siku hiyo mama aliacha samaki, karanga, maziwa na mayai. Chakula chake kikawa cha kuchemshwa tu. Alikula vijiko viwili, akasukuma sahani.

Wiki ya tatu walikwenda kliniki pamoja. Muuguzi alitazama mizani, kisha faili.

"Mama, umepungua kilo tano! Leo hupewi dawa, mwili hautaistahimili. Nani kakwambia uache kula?"

"Nimesikia tu huko mitaani, sista."

Profesa alihisi uso unawaka. Angeweza kunyamaza, kwani mama alikwisha kumfichia kosa lake.

"Si mitaani," alisema. "Ni mimi." Akatoa daftari.

Muuguzi akasoma. "Mwalimu alisema 'mafuta' tu?"

"Alisema 'baadhi ya mafuta'. Tena kwa panya wa maabara. Nilikuwa napiga soga, nikaandika nusu. Mama aliponiuliza, nikajazia mwenyewe."

"Mama yako ana mkia?"

Mama alicheka. Profesa hakuweza.

"Ni kweli uvimbe huota mishipa ili upate chakula," muuguzi alisema. "Katika majaribio ya panya, baadhi ya mafuta ya mbegu yaliiongeza mishipa hiyo, na ya samaki yakaipunguza. Kwa binadamu bado wanachunguza. Na hao samaki ndio uliomnyima."

Profesa alichukua kalamu, akaongeza neno 'baadhi' daftarini.

Mama alirudia kula. Baada ya wiki mbili aliongeza kilo mbili, na daktari akaruhusu dawa.

"Kutojua si kosa," muuguzi alimwambia Profesa huku akitafuta mshipa mkononi mwa mama. "Kosa ni kuziba pengo kwa kubuni. Usichokijua, sema hukijui, kisha ukaulize."

"Ndiyo, sista. Nisamehe, mama."

"Na wewe mama, siku nyingine kabla hujaacha chakula, njoo kwanza hapa. Mitaani hawana mizani."