Hisa Nane za Mama Pasi

Pasi ya mkaa haitaki haraka. Ikipoa, nguo hainyooki. Ikizidi moto, nguo ya watu inaungua, na utailipa wewe. Mjane mmoja aliyeitwa Mama Pasi aliyajua hayo vizuri. Kila asubuhi aliipepea pasi yake mpaka makaa yakawa mekundu, kisha akaanza na kola. Kola ndiyo inayomwonyesha mvivu.

Chumba chake kilikuwa kimoja, na meza ilikula nusu yake. Kitanda kilijificha nyuma ya pazia. Kwenye kamba yalining'inia mashati ya watu wa ofisini.

"Nina mashati mengi kuliko meneja wa benki," alizoea kusema, "ila hakuna hata moja linalonitosha."

Utani wake uliishia hapo. Mume wake alikuwa amefariki mwaka uliopita. Alikuwa mpakiaji katika kiwanda cha saruji. Kazi yake ilikuwa kujaza mifuko. Vumbi la saruji liliingia mapafuni mwake kidogo kidogo, likakaa, likaganda, mpaka pumzi ikakosa pa kupita. Kiwanda hakikumpa barakoa. Alijifunga kitambaa puani, na mke wake alikifua kila jioni. Maji yake yalikuwa mazito kama tope.

Miaka ya nyuma, kiwanda kiliwauzia wafanyakazi hisa kwa bei nafuu. Hisa ni sehemu ya umiliki. Mtu mwenye hisa, hata moja, ni mmoja wa wenye kampuni. Faida ikigawiwa, naye hupata. Tena ana haki ya kuingia kwenye mkutano mkuu wa mwaka na kuuliza swali. Marehemu aliacha hisa mia na ishirini.

Watoto walikuwa wawili. Binti alikuwa msusi wa nywele. Kijana alifanya kazi kiwanda kilekile cha baba yake. Alianza kwa kujaza mifuko, kisha akapandishwa kuwa msimamizi wa zamu. Dada yake alimwita Bosi, nusu kwa fahari na nusu kwa kejeli.

Siku ya kugawana, mama aliamua.

"Ninyi ndiyo mnaanza maisha. Chukueni hamsini na sita kila mmoja. Mimi niachieni hizo nane. Za kunifungulia mlango wa mkutano zinatosha."

"Ukishaingia utafanya nini, mama?" Bosi aliuliza.

"Nitauliza kwa nini baba yenu alijaza mifuko miaka yote ile na kitambaa puani."

Bosi alitazama chini. "Mama, mimi bado nakula kule."

"Baba yako naye alikula kule. Sasa yuko wapi?"

Basi kila mmoja akafunguliwa akaunti yake kwa dalali wa hisa, yule anayewanunulia na kuwauzia watu hisa sokoni. Bosi ndiye aliyemsaidia mama yake kujaza karatasi. Jambo hilo baadaye lilimtokea puani.

Ilipita miezi kadhaa. Siku moja, Mama Pasi akinyoosha suruali ya mteja, simu ililia. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kwa hiyo alisoma polepole, neno baada ya neno. Ujumbe ulitoka kwa dalali. Ulisema amelipwa fedha kidogo. Ulisema salio lake la hisa ni sifuri.

Akasoma tena. Sifuri haikubadilika.

Alimwita binti yake. Msusi alikuja mbio, vidole vikinuka mafuta ya nywele. Alipotazama simu yake mwenyewe, akakuta na yeye ana ujumbe: hisa tano, na fedha kidogo.

"Mimi nimebakiwa na tano," alisema. "Wewe huna kitu. Nani kauza?"

Mama Pasi alirudi kwenye pasi yake. Alikuwa ameshapata jibu lake.

Bosi alipotoka zamu, nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Hata hakukaa.

"Umeniuza kwa bei gani?" mama alimuuliza.

"Nimekuuza?"

"Karatasi ulijaza wewe. Cheo ulipewa wewe. Mkutano uko mwezi ujao, na ghafla hisa zangu zimeyeyuka. Wakubwa wako waliogopa swali langu, wakakwambia mnyamazishe mama yako."

"Mama, sijaigusa hata moja."

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo ndiyo kazi yangu, nazigeuza ndani nje kila siku, na bado sikukuona."

"Bosi, sema ukweli tu," dada yake alisema.

"Hata wewe?"

"Mimi sijasema kitu. Nimesema sema."

Kijana akatoka. Usiku huo hakurudi, na uliofuata pia. Alilala kwa mwenzake wa kazini. Mama Pasi aliunguza shati la mteja, jambo ambalo halikuwahi kumpata.

Mwishowe Msusi alimwambia, "Mama, tunamhukumu mtu na dalali hatujamuuliza. Twende."

Ofisi ya dalali ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya umeme. Msusi alimpigia kaka yake, na walimkuta ameshafika, amesimama kwenye ngazi. Mama na mwana hawakusalimiana. Karani aliyewapokea alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya chini. Alifungua kompyuta yake, akatazama, kisha akageuza kiti.

"Mama, hakuna aliyeuza hisa zako. Kampuni imeunganisha hisa. Kila hisa kumi za zamani zimekuwa moja mpya."

"Kwa hiyo wametula tisa?"

"Hapana. Chukulia una noti ndogo kumi. Unakwenda benki wanakupa noti moja kubwa. Umepoteza?"

"Sijapoteza. Ni mle mle."

"Ndivyo hivyo. Hisa moja mpya ina thamani ya zile kumi. Sasa, wewe ulikwenda na noti ndogo nane. Benki haichapishi noti kubwa iliyokatwa pembe. Watakupa nini?"

Mama Pasi alihesabu kwa vidole. Kisha akasema, "Watanipa chenji."

"Umepewa chenji, mama. Nane ni pungufu ya kumi. Hukufikisha hisa nzima. Wanao walikuwa na hamsini na sita. Hamsini zimekuwa tano. Sita zimebaki kipande, nao wamelipwa fedha ya kipande."

"Hicho kipande mnakipeleka wapi?" Msusi aliuliza.

"Tunakusanya vipande vya wateja wote. Vikiunganishwa vinakuwa hisa nzima. Tunaziuza sokoni, na kila mtu analipwa kwa kadiri ya kipande chake."

"Kama mabaki ya sabuni," alisema Mama Pasi. "Unayakusanya, unayafinyanga, yanakuwa mche."

"Hasa. Hata kampuni ikigawanya hisa badala ya kuunganisha, vipande hutokea. Ikisema mbili ziwe tatu, mwenye tano anapata saba na nusu. Hiyo nusu lazima ipatiwe njia."

"Na mnaamua wenyewe bila kuniuliza?"

Karani hakukwepa. "Kampuni ndiyo inayopanga vipande vifanyweje, na sisi tunafuata. Wengine hulipa fedha, kama hapa. Wengine hukipandisha kipande kikawa hisa nzima. Wengine hukitupa, hupati kitu. Wapo madalali wanaokuwekea kipande kwenye vitabu vyao. Faida yake unapata, lakini kipande hakikupi kiti mkutanoni. Ndiyo maana tunatuma taarifa mapema, mteja aulize. Kwenu tulituma mara mbili."

Msusi alijikuna kichwa. "Mimi nilidhani ni wale wa bahati nasibu. Nikafuta. Na kwenye simu ya mama nikafuta pia."

"Taarifa ilitaja siku," karani aliendelea. "Kabla ya siku hiyo mngeweza kupanga hesabu zenu. Kila mtoto angemhamishia mama hisa sita. Wao wangekuwa na hamsini hamsini, mama ishirini. Leo wangekuwa na tano tano, hizo hizo walizonazo, na mama angekuwa na mbili. Kipande kisingekuwepo."

 Mama Pasi alikuwa amezikata hisa ili kila mtu awe na chake. Hakujua kwamba kila ukitenganisha mafungu, unaongeza vipande. Mafungu matatu, vipande vitatu.

"Inarudishika?" aliuliza.

"Hairudishiki, mama. Siku imepita."

Alimgeukia mwanawe. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu ugomvi ule. "Nimekusingizia, baba."

Bosi alikuwa akiangalia sakafu. "Sikuuza, mama. Lakini niliposikia zimekwisha, nilifurahi."

Msusi alifumba macho. 

"Nilifurahi kwa sababu hutasimama mbele yao," kijana alisema. "Wakijua wewe ni mama yangu, mimi narudi kwenye mifuko. Na kule kwenye mifuko nakujua. Nimemwona baba."

"Ndiyo maana nataka kusimama," mama alisema. "Baba yako hanisikii tena. Nasimama kwa ajili yako."

 Kisha Bosi akamuuliza karani, kama mtu anayelipia deni la mwingine, "Akinunua moja leo, atawahi mkutano?"

"Rejista ya wanahisa inafungwa wiki ijayo. Akinunua leo, jina lake litakuwemo. Fedha aliyolipwa haifiki bei ya hisa nzima, maana kilikuwa kipande. Na ipo kamisheni yetu."

"Ongezea fedha ya kipande changu."

Karani alibonyeza vitufe vyake. Mama Pasi akasoma kila mstari wa ile karatasi kabla ya kutia saini, polepole, na hakuna aliyemharakisha.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wenye viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe. Mlangoni walitafuta jina lake, wakaliona, akapita. Wenye suti walikaa mbele. Mama Pasi alikaa nyuma na Msusi. Ulipofika wakati wa maswali, alinyoosha mkono mpaka bega likauma.

Mwenyekiti alimwona mwisho. "Mama, kwanza utuambie, una hisa ngapi?"

Watu wa mbele wakacheka.

"Moja," alisema. "Nzima."

Kisha akauliza. Alitaja kazi ya mume wake, kitambaa cha puani, maji ya tope. Aliuliza ni wapakiaji wangapi wamekufa kwa kifua, na barakoa moja inagharimu nini. Mwenyekiti alisema suala hilo litazingatiwa.

"Lini?" Mama Pasi alibaki amesimama.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Bosi aliingia na ovaroli la kazini, vumbi mpaka kwenye kope. Aliwahi kusema hatakuja.

"Wewe si msimamizi wetu wa zamu?" mwenyekiti aliuliza.

"Ndiyo. Na ni mwanahisa, nina tano. Huyu ni mama yangu. Jibu swali lake."

Hakuna aliyecheka tena. Swali likaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, na tarehe ya kulijibu ikaandikwa pia. Kabla ya wiki kwisha, Bosi alirudishwa kwenye mifuko. Hakuambiwa sababu.

Lakini kumbukumbu za mkutano haziungui kama shati. Wanahisa wengine walizisoma, wakaanza kuuliza. Barakoa zililetwa, za kweli, zenye vichujio. Wapakiaji wote walipelekwa kupimwa vifua. Mama Pasi naye alipitia majirani wenye hisa, akiwaambia ujumbe wa dalali haufutwi. Unasomwa, na usipoeleweka, unaulizwa kabla ya siku iliyotajwa.

Majibu ya Bosi yalitoka jioni moja. Alikuja nayo moja kwa moja kwa mama yake, akasimama kando ya meza.

"Vumbi limeshaingia," alisema. "Daktari anasema ni mwanzo. Ameandika nitolewe kwenye mifuko, na kiwanda kimekubali. Anasema ningechelewa miaka michache, asingekuwa na la kuandika."

Mama Pasi aliiweka pasi pembeni. Alimsogelea mwanawe, akaweka sikio kifuani pake.

"Kohoa nisikie."

Kijana akakohoa. Mama alisikiliza mpaka kikohozi kikaisha, kisha akasikiliza na pumzi iliyofuata.

"Bado si cha baba yako," alisema.